Mikasa ya Bwana Msa na Desturi ya Kisa Kujitosheleza

Mwaka 1960 East African Literature Bureau ilitoa riwaya ya Muhammed Said Abdulla iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake wasomaji wa Kiswahili wakakutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, mwenye kiko mdomoni na akili isiyolala. Kisha ikapita miaka minane mizima kabla ya kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kutolewa na Evans Brothers wa London mwaka 1968. Mtoto aliyekuwa chuoni akisoma juzuu wakati wa kitabu cha kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana wa kusoma riwaya wakati wa kitabu cha pili, na yamkini cha kwanza hakuwahi hata kukitia machoni. Je, kijana huyo alikuwa na haki ya kuanza hapo alipoanzia, au kitabu alichokishika kilikuwa pungufu mkononi mwake kwa sababu ya kile asichokisoma?

Swali hili huulizwa kila palipo na mpelelezi mmoja na vitabu vingi, na majibu yake aghalabu hutolewa kwa haraka: wako wasemao kwamba kila kitabu kina mkasa wake, basi mtu aanzie popote, na wako washikiliao kwamba silsila ni silsila, haina budi kufuatwa tangu mwanzo wake. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya haki. Mkasa wa upelelezi ukitungwa sawasawa hujitosheleza, kwa kuwa siri yake hufungwa na kufunguliwa ndani ya kitabu kimoja. Lakini watu wanaorejea kitabu baada ya kitabu, yaani mpelelezi na sahibu yake, hawamaliziki katika mkasa mmoja, na kazi ya mtunzi ni kuyachukua mambo haya mawili pamoja bila ya moja kulidhulumu la pili. Namna watunzi walivyoichukua kazi hiyo haikutokana na kipaji chao peke yake. Ilitokana pia na njia zilizowafikishia watu maandishi, kama vile gazeti la kila mwezi, kibanda cha stesheni ya reli, shirika la uchapishaji na mpaka wa nchi, na asiyezitazama njia hizo hawezi kufahamu kwa nini vitabu hivi vilitungwa jinsi vilivyotungwa.

Watu wa pwani hawakungoja riwaya za Kizungu ndipo waujue utaratibu wa shujaa mmoja na visa vingi. Hekaya za Abunuwasi, ambaye asili yake ni mshairi wa zama za Khalifa Harun Rashid wa Baghdad aliyegeuzwa na vinywa vya watu kuwa mjanja wa kila mji, zilisimuliwa barazani na vyumbani bila ya mpango wa kutangulia wala kufuata. Abunuwasi huazima sufuria kwa jirani, akairejesha pamoja na sufuria ndogo akidai kwamba ile kubwa imezaa, na jirani akapokea zote mbili kwa furaha. Siku nyingine huiazima tena, asiirejeshe, na anapoulizwa akajibu kwamba sufuria imekufa, naye jirani hana la kusema, kwa kuwa aliyeukubali uzazi hana budi kuyakubali mauti. Tazama jinsi kisa hiki kilivyofungamana: uzazi wa sufuria bila ya kifo chake ni upuuzi, na kifo chake bila ya uzazi ni wizi mtupu. Ilhali kisa chenyewe, kwa ukamilifu wake, hakiombi msaada kwa kisa kingine chochote, na hakuna msikilizaji aliyewahi kumkatiza bibi yake kwa kuuliza kama habari ya sufuria ilitukia kabla ya Abunuwasi kuingia katika jumba la Sultani au baada yake. Amwone Abunuwasi ni mjanja, basi.

Lakini pwani hiyo hiyo iliujua pia utaratibu wa kinyume, ule wa Alfu Lela Ulela, ambamo Shahrazad hukikata kisa alfajiri inapoingia, na uhai wake ukawa umefungwa na hamu ya Sultani ya kusikia yaliyosalia. Kwa Shahrazad, kisa kinachojitosheleza kingekuwa hukumu ya kifo. Hizi ndizo njia mbili kongwe za kumshika msikilizaji, moja kwa kumtimizia haja yake na moja kwa kumkatia njiani, na kila mtunzi wa silsila tangu hapo amelazimika kuchagua baina yake au kuzichanganya.

Upelelezi wa kubuni kama tuujuavyo leo kwa kawaida huhesabiwa kuanza kwa Mmarekani Edgar Allan Poe, ambaye mwaka 1841 alichapisha kisa cha mauaji ya Rue Morgue katika mji wa Paris, na mwenye kuyafumbua akawa ni Dupin, mtu wa usiku na wa fikra. Poe alimtungia Dupin visa vitatu tu, na cha tatu, cha mwaka 1844, kinachohusu barua iliyoibwa, kina jambo dogo katika mwanzo wake ambalo nalipenda sana. Msimulizi ameketi gizani na Dupin, wote wawili wanavuta viko kimya kimya, naye moyoni mwake anayapitisha mambo mawili ya zamani, lile la Rue Morgue na lile la msichana Marie Rogêt, mara mlango unafunguliwa na mkuu wa polisi wa Paris anaingia. Basi. Mambo hayo yametajwa kwa majina yake na kuachwa papo hapo, hata aliyevisoma visa viwili vya kwanza akapata kukumbuka, na asiyevisoma akapata kujua kwamba mtu huyu ana historia, wala siri ya mkasa wowote haikufichuliwa. Yote anayopaswa kuyafanya mtunzi wa silsila mbele ya msomaji mgeni yamo katika maneno hayo machache.

Hata hivyo visa vitatu havikutosha kuwa desturi. Desturi iliwekwa na Arthur Conan Doyle, tabibu aliyezaliwa Edinburgh, naye aliiweka kwa kukusudia. Mpelelezi wake, Sherlock Holmes, alikwisha kuonekana katika riwaya mbili, ya mwaka 1887 na ya mwaka 1890, bila ya kumfanya mtunzi wake kuwa tajiri wala mashuhuri. Ndipo mwezi wa Januari 1891 George Newnes alipoanzisha mjini London gazeti la kila mwezi liitwalo The Strand, lenye picha tele na bei nafuu, gazeti la watu wanaosafiri kwa treni asubuhi na jioni. Conan Doyle alieleza baadaye, katika kumbukumbu za maisha yake alizozitoa mwaka 1924, jinsi alivyoyatazama magazeti ya wakati ule: hadithi ndefu iliyokatwakatwa na kutolewa kidogo kidogo humponza mwenye gazeti, kwani mapema au baadaye msomaji hupitwa na toleo moja, na akilikosa hilo hana hamu tena na yanayofuata, bali mhusika mmoja akipita katika visa vyote, na kila kisa kikawa kamili ndani ya toleo lake, msomaji atalishika gazeti kwa kumpenda mhusika na hatadhurika kwa toleo lililompita. Kisa cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwezi wa Julai 1891, na tangu mwezi huo The Strand na Holmes vikawa havitajwi mbalimbali.

Basi kujitosheleza kwa kisa cha upelelezi hakukuwa kanuni ya sanaa iliyoteremka kutoka kwa wanafalsafa, bali kulikuwa ihisani kwa mtu aliyekosa gazeti la mwezi uliopita. Nalisema hili kwa kulistahi. Conan Doyle alimfikiria msomaji aliyekuwa mgonjwa, au safarini, au hana senti mfukoni siku gazeti lilipotoka, akaona kwamba mtu huyo asiadhibiwe. Na ihisani hiyo ikamzalia ufundi wa ajabu, kwa maana sasa ilimpasa kumfanya Holmes aonekane mtu wa zamani na wa mambo mengi kwa msomaji ambaye huenda hajawahi kumsikia. Katika kisa kiitwacho The Speckled Band, cha mwaka 1892, anakuja asubuhi na mapema mwanamke kijana, Helen Stoner, anatetemeka kwa hofu, na anasema kwamba amepata habari za Holmes kwa Bibi Farintosh, aliyesaidiwa naye katika dhiki yake. Holmes anafungua daftari lake, anatazama, anakumbuka kwamba lilikuwa jambo la taji la vito, kisha anamgeukia Watson, sahibu yake na msimulizi wa visa vyake, na kumwambia kwamba hilo lilikuwa kabla ya wao kujuana. Mkasa wa Bibi Farintosh haukuandikwa popote. Hakuna msomaji duniani aliyeusoma, kwa hiyo hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Anayeanza hapo na aliyeanza tangu mwaka 1887 wanasimama mbele ya jina hilo wakiwa sawa kabisa, na wote wawili wanahisi kwamba nyuma ya mlango wa nyumba ya Holmes ya Baker Street kuna miaka mingi ya kazi. Conan Doyle aliendelea na hila hiyo njema mpaka mwisho, akitaja mikasa kwa majina ya kuvutia na kuiacha bila ya kuisimulia.

Ama utaratibu wa tarehe na miili, huo haukumshughulisha. Watson alijeruhiwa vitani Afghanistan, na katika riwaya ya kwanza jeraha liko begani, na katika ya pili liko mguuni. Huoa, huonekana tena kwa Holmes kama asiyeoa, na visa hurudi nyuma na kwenda mbele kwa miaka bila ya kuomba radhi. Wako walioyafanya hayo kuwa aibu ya mtunzi, nami siwafuati. Mwenye kuandika kisa kinachojitosheleza hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu ataviweka visa vyote sitini, yaani riwaya nne na hadithi fupi 56, juu ya meza moja na kuvipima kimoja kwa kimoja.

Lakini ihisani hiyo nayo ilikuwa na mwisho wake. Mwezi wa Desemba 1893 Conan Doyle, kwa kuchoka, alimwangusha Holmes katika maporomoko ya maji ya Reichenbach huko Uswisi, na mwaka 1903, kwa kushikwa na wasomaji na wachapishaji, alimrudisha. Kisa cha kurudi kwake, The Empty House, kina mauaji yake na mshukiwa wake na mtego wake, vyote kamili. Hata hivyo mpe mtu asiyejua lolote kuhusu Reichenbach akisome, utaona kwamba Watson anapozimia, naye hajapata kuzimia kabla yake, msomaji huyo atafahamu sababu bila ya kutikisika. Mkasa uko wazi mbele yake. Anachokikosa ni miaka kumi ya msiba, na hiyo hakuna mtunzi awezaye kuitia katika ukurasa mmoja.

Nikija kwa Agatha Christie, napenda kusimama kidogo, kwa sababu kwake yeye twaona kosa ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote katika kazi hii. Mpelelezi wake, Poirot, alianza mwaka 1920, akiwa tayari ni mzee aliyestaafu upolisi wa Ubelgiji, akadumu katika riwaya 33 hadi mwaka 1975, na umri wake haukuhesabika kwa hesabu ya wanaadamu. Vitabu vyake karibu vyote vyajitosheleza kwa namna ya kupigiwa mfano, mauaji, washukiwa, chumba kimoja mwishoni, na jina la muuaji. Mtu akianza na chochote hapotei. Pamoja na hayo, katika Dumb Witness ya mwaka 1937, Poirot, katika kuzungumza juu ya tabia za wauaji, anataja kwa majina wauaji wa vitabu vinne vilivyotangulia, wazi wazi, kama atajaye majirani. Msomaji mgeni anaipita sentensi hiyo bila ya kujua limempata lipi. Majina hayo hayamhusu siku hiyo. Yatamhusu mwaka ujao, atakapokishika mojawapo ya vitabu vile vinne, akafika katikati, na jina likamjia moyoni lenyewe, na raha yote ya kitabu ikawa imekwisha kabla ya wakati wake.

Siri ya mkasa ni amana. Mtunzi ameiweka kwa msomaji kwa sharti kwamba itafunguliwa mahali pake, na msomaji wa kesho ana haki ile ile aliyokuwa nayo msomaji wa jana. Watu huuliza kama kitabu cha kumi chafahamika bila ya vile tisa vya kwanza, na huo ni upande mmoja tu wa jambo. Upande wa pili, ambao husahauliwa, ni kama vile tisa vya kwanza vyabaki na thamani yake kwa aliyeanza na cha kumi. Poe aliketi gizani akayataja mambo mawili na kuzuia ulimi wake. Christie, ambaye kwa kutunga mikasa simwoni wa kumpita, siku hiyo hakuuzuia. Wala simsemi kwa kitabu cha mwisho, Curtain, alichokiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kukihifadhi mpaka mwaka 1975, miezi michache kabla ya kufariki kwake. Hicho kinarejea katika nyumba ya Styles ambako Poirot alianzia, na chaomba waziwazi kisomwe mwisho.

Watunzi wengine wa zama hizo walikwenda kila mmoja njia yake. Georges Simenon, Mbelgiji mwingine, aliandika riwaya 75 za mpelelezi wake Maigret kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1972, nazo waweza kuziokota kwa mpango wowote. Dorothy Sayers, kuanzia mwaka 1930, aliwaleta pamoja mpelelezi wake Lord Peter Wimsey na Harriet Vane, akawachukua katika vitabu vinne mpaka ndoa mwaka 1937, na hapo mkasa wa kila kitabu ulijitosheleza ilhali mapenzi yao hayakujitosheleza. Mwenye kuanza na ndoa ameikosa posa. Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi walikwenda mbali zaidi, wakatunga vitabu kumi kati ya mwaka 1965 na mwaka 1975, kila kimoja na milango 30, kwa nia ya kwamba vyote vihesabiwe riwaya moja ya milango 300 juu ya nchi yao. Watunzi hawa waliweza kuthubutu kwa kuwa katika miji yao maktaba na maduka yaliviweka vitabu vyote kumi rafuni pamoja. Masharti ya kibanda cha stesheni yalikuwa yamewaondokea.

Huku kwetu masharti hayo hayakuondoka. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, na alipomaliza masomo alifanya kazi ya ukaguzi katika Idara ya Afya; mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akakaa nalo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Sidhani kazi hizi mbili zilipita bure katika utunzi wake. Mkaguzi wa afya huingia uwani ambako mgeni haingii, huona kisima na choo na chumba cha nyuma. Na mhariri wa gazeti hujifunza kwa uzoefu wa kila toleo kwamba anayelishika leo huenda hakulishika jana. Mzimu wa Watu wa Kale ulipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi lililofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 hadi 1958, na shindano, tafadhali zingatia, huamua juu ya andiko moja lililo mezani. Hakuna aliyempa zawadi kwa silsila ambayo ilikuwa haijazaliwa.

Vitabu vilivyofuata navyo havikutoka mahali pamoja. Cha kwanza kilitolewa na Bureau, shirika la serikali za Afrika Mashariki. Cha pili kikatoka London. Kisha vikaja mfululizo Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, wakati East African Publishing House ya Nairobi ilipokuwa mlango mkubwa wa riwaya za Kiswahili. Na cha saba, Kosa la Bwana Msa, kikachelewa mpaka mwaka 1984. Baina ya cha sita na cha saba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977, usifunguliwe mpaka mwaka 1983, hata kitabu kilichopigwa chapa Nairobi kikawa na safari ndefu na ya mashaka ili kumfikia msomaji wa Unguja, nyumbani kwa Bwana Msa mwenyewe. Fikiri ingalikuwaje kama Abdulla angaliandika kwa njia ya Sjöwall na Wahlöö, na kitabu cha tatu kingalikuwa hakifahamiki ila kwa kukisoma cha pili. Vitabu vyake vingalikufa mikononi mwa watu waliovipenda. Vilisalimika kwa kuwa kila kimoja kiliweza kwenda peke yake darasani, sokoni na katika sanduku la msafiri, kikaazimwa na kuazimwa tena bila ya ndugu zake, mpaka jalada likakatika.

Naye aliifanya kazi hiyo bila ya kuonekana akiifanya. Bwana Msa huletwa mbele ya msomaji kwa vitu vichache visivyobadilika: kiko chake, subira yake ya kusikiliza, mazoea yake ya kuchambua neno la mtu mpaka liseme kweli, na Najum, sahibu yake, ambaye huona yale yale anayoyaona Bwana Msa na asiyatambue. Uhusiano wake na Holmes na Watson hauna haja ya kufichwa, na sijaona ubaya wake. Mwenye kiko wa Baker Street naye alikuwa amekirithi kiko chake kutoka kwa mwenye kiko wa Paris. Lakini mikasa ni ya Unguja tupu. Aghalabu chanzo chake ni nasaba na mirathi, mtoto asiyejulikana babake, mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake, mali iliyofuatwa kwa hila. Na pembeni kuna hofu za watu juu ya mzimu na kisima na wasioonekana, ambazo Bwana Msa huzikabili kwa hoja, bila ya kuwadharau wenye nazo.

Katika maudhui hayo yenyewe kuna sababu ya kila kitabu kujitosheleza, na sababu hii ni ya ndani zaidi kuliko zile za wachapishaji. Siri ya nasaba ikitoka imetoka. Ukoo uliokwisha kujua nani ni mwana wa nani hauwezi kuwa na fumbo lile lile mara ya pili, na mtunzi hana budi kuhamia nyumba nyingine, mtaa mwingine, shamba jingine, na watu wapya kabisa ambao msomaji wa zamani na msomaji mgeni watajulishwa nao kwa pamoja. Fauka ya hayo, wakati katika vitabu hivi umetulia. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipita kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, lakini Unguja anamotembea Bwana Msa ilibaki ile ya kabla yake, na mashamba yake na mabwana wake na adabu zake za kubisha hodi. Kwa hiyo mpango wa kuchapishwa kwa vitabu si mpango wa mambo kutukia, na mwenye kuvisoma kwa kupindua hajakosa historia yoyote ya Bwana Msa.

Kitu alichokikosa ni kingine. Anayesoma kitabu kimoja hupata mkasa. Anayesoma vinne au vitano hupata mji. Baada ya nyumba nyingi kufunguliwa mbele yake, kila moja na siri yake, huanza kuiona Unguja nzima iliyofungamana kwa damu na jina na mali, ambapo mtu hawezi kumwuliza jirani habari za babu yake bila ya kugusa kidonda cha mtu wa tatu. Hili halisemwi katika kitabu chochote, wala halimo katika kimojawapo, nami nalihesabu kuwa ndiyo kazi kubwa aliyoifanya Abdulla. Urafiki wa Najum nao huzidi uzito kwa namna hiyo hiyo: mara ya kwanza ni mtu wa kuuliza maswali kwa ajili yetu, na mara ya tano ni mtu aliyekubali, mwaka baada ya mwaka, kuwa wa pili, bila ya husuda.

Watunzi wa Kiswahili waliomfuata Abdulla walichagua kila mmoja kwa namna yake. Elvis Musiba alimtuma mpelelezi wake, Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kutoka kazi moja hadi nyingine, na kila kazi ikaisha na kitabu chake. Ben Mtobwa alimpa mpelelezi wake, Joram Kiango, mwenzi, Nuru, na sifa inayomtangulia. Na alipoandika kitabu akakiita Lazima Ufe Joram, alikuwa amekwisha kuamini kwamba jina hilo lina wenyewe huko nje watakaoshtuka kulisikia likitishwa. Jina la namna hiyo juu ya jalada halisemi na mgeni.

Wala Kosa la Bwana Msa halisemi na mgeni. Mtu ambaye hajawahi kumwona Bwana Msa akipatia ataona katika jina hilo habari ya mtu fulani aliyekosea, kama watu wote wakoseavyo. Aliyekuwa naye tangu mwaka 1960 ataona jambo ambalo kwa miaka 24 hakudhani litasemwa. Kwa hiyo mwenye kukipata kimoja tu katika vile saba, na aanze na hicho alichokipata, kiwe Kisima cha Giningi au Siri ya Sifuri, wala asikirejeshe rafuni kwa hofu kwamba amechelewa. Ila kikimwangukia Kosa la Bwana Msa, na akiweza kusubiri, akiweke mpaka apate angalau viwili vya kabla yake, na Mzimu wa Watu wa Kale uwe kimojawapo.